Yasuke: Shujaa aliyenyimwa utoto wake

*Mfululizo wa anime kuhusu Mwafrika aliyemtumikia mtawala wa Japani katika karne ya 16 unawagawanya watazamaji. Wapo wanaolalamikia roboti na uchawi, na wapo wanaoutetea kwa moyo wote. Makala haya yanadai kwamba kasoro yake kubwa iko kwingine: katika miaka ya mwanzo ya shujaa ambayo haikusimuliwa.*

Hekalu linawaka moto. Mtawala amepiga magoti, ameshindwa vita, na amekata shauri kujiua kuliko kutiwa mbaroni na adui. Aliyebaki kando yake ni mwanamume mrefu mweusi mwenye upanga mkononi. Mtawala anamwomba akamilishe kazi, na upanga unashuka.

Miaka 20 inapita kwa kufumba na kufumbua. Mwanamume yule sasa ni mwenye mashua katika kijiji cha mtoni. Anavusha watu mchana, analewa usiku, na usingizi ukimjia anaota moto. Wanakijiji wanamwita Yassan. Hawajui alikuwa nani.

Ndivyo unavyoanza mfululizo wa Yasuke, uliotolewa na Netflix tarehe 29 Aprili 2021 ukiwa na sehemu sita za karibu nusu saa kila moja.

Mjini Kakamega, anime si jambo geni tena. Katika maduka ya filamu yaliyo karibu na steji za matatu, na kwenye vibanda vinavyowahudumia wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro, kijana huingia na flashi, akataja jina la mfululizo, akangoja kidogo, akatoka na msimu mzima. Kati ya Septemba 2021 na Novemba 2023, Netflix ilipowapa Wakenya wenye simu za Android huduma ya bure, hata asiye na pesa za usajili aliweza kutazama sehemu ya hazina hiyo kiganjani.

Naruto, One Piece na Attack on Titan hutajwa kwa wepesi ule ule wa kutaja vilabu vya soka vya Uingereza. Ila likitajwa jina la Yasuke, ubishi hupamba moto. Huyu ni shujaa mwenye ngozi kama yetu, na huenda alitoka pwani yetu. Je, alitendewa haki?

Mtu aliyeishi kweli

Yasuke hakubuniwa na waandishi wa Netflix. Mwaka 1579 padri Mwitaliano Alessandro Valignano, mkaguzi wa misheni za Wajesuiti katika Asia, aliwasili Japani akiandamana na mtumishi Mwafrika. Walipoingia Kyoto mnamo Machi 1581, watu walifurika kumtazama mgeni huyo. Barua za Wajesuiti zinasimulia kwamba milango ilivunjwa na baadhi ya watu wakafa kwa kukanyagana.

Oda Nobunaga, mbabe wa vita aliyekuwa akiiunganisha Japani kwa upanga, alisikia zogo hilo akaagiza mgeni aletwe mbele yake. Hakuamini kwamba ile ilikuwa rangi ya kuzaliwa. Aliamuru avuliwe nguo hadi kiunoni na asuguliwe kwa maji. Rangi haikutoka, na Nobunaga akavutiwa naye kuliko awali.

Padri Lourenço Mexia aliandika mwaka huo huo kwamba mtawala hakuchoka kuzungumza na Mwafrika huyo, ambaye tayari alikuwa akielewa Kijapani kiasi. Ota Gyuichi, aliyeandika habari za maisha ya Nobunaga, anamtaja kuwa mwenye umri wa miaka 26 au 27 na nguvu za watu kumi. Shajara ya Matsudaira Ietada ya mwaka 1582 inataja jina lake na urefu wake, ambao kwa vipimo vya leo ni karibu sentimita 188.

Tarehe 21 Juni 1582, jemadari Akechi Mitsuhide alimwasi bwana wake na kulizingira hekalu la Honno-ji, Kyoto. Nobunaga akajiua. Yasuke alikimbilia kwa Nobutada, mwana na mrithi wa Nobunaga, akapigana kwa muda mrefu hadi akatakiwa kusalimisha upanga wake. Mitsuhide aliagiza asiuawe, kwa madai kwamba alikuwa mnyama tu asiyejua kitu wala hakuwa Mjapani. Akaamuru arudishwe kwa mapadri. Baada ya hapo maandishi yananyamaza.

Kwa hivyo maisha yake yaliyoandikwa hayazidi miaka mitatu. Kuhusu alikotoka, Mjesuiti Mfaransa François Solier aliandika mwaka 1627 kwamba alikuwa mtu wa Msumbiji. Wanahistoria wanaendelea kulijadili jambo hilo, na wapo wanaomhusisha na Wamakua wa kaskazini mwa nchi hiyo.

Kisiwa cha Msumbiji kilikuwa kituo kikuu cha merikebu za Wareno zilizotoka Lisbon kwenda Goa. Hapo ndipo walipongoja pepo za kusi, wakapakia maji, chakula na watu. Ni pwani ile ile ya Kilwa, Mombasa na Malindi. Msomaji wa Kenya anayemwita Yasuke ndugu hajavuka mipaka.

Kumbukumbu zinaanzia Kyoto

Mfululizo huu ulibuniwa na kuongozwa na LeSean Thomas, Mmarekani mweusi kutoka Bronx, New York. Uchoraji ulifanywa na studio ya MAPPA ya Japani. Flying Lotus alitunga muziki, na mwigizaji LaKeith Stanfield akampa Yasuke sauti ya Kiingereza. Ni mara chache sana studio kubwa ya Japani imekabidhiwa kazi ambayo mhusika wake mkuu ni Mwafrika aliyeishi kweli, na mbunifu wake akawa mtu mweusi. Hilo peke yake linastahili heshima.

Yaliyompata Yasuke zamani yanafunuliwa kwa mbinu rejeshi. Anapopiga kasia, anapomtazama mtoto Saki aliyekabidhiwa amsafirishe, anaposikia panga zikigongana, anarudishwa nyuma. Tunamwona akipokelewa na Nobunaga. Tunaona wakuu wa ukoo wakimnung'unikia kwa kuwa mgeni amepewa nafasi wanayoitamani. Tunamwona akifanya mazoezi na Natsumaru, askari mwanamke, na baadaye tunajua kwa nini jina la mwanamke huyo linamchoma.

Sehemu hizi ndizo bora kuliko zote. Hazina haraka. Uso wa Yasuke mzee umechorwa na makunyanzi ya mtu asiyelala, mvi zimeingia, mabega yameinama. Mtazamaji haambiwi kwa maneno kwamba huyu amevunjika. Anaona jinsi anavyoshika chupa, na jinsi mkono unavyosita kabla ya kuushika upanga tena.

Lakini kumbukumbu hizo karibu zote zinaanzia Japani. Aliyefika mbele ya Nobunaga alikuwa mtu mzima wa zaidi ya miaka 25. Alikuwa na mama. Alikuwa na lugha aliyoota nayo, michezo aliyocheza, miungu au Mungu aliyefundishwa kumwomba. Kuna siku aliyopandishwa merikebu, kwa hiari, kwa kuuzwa au kwa kutekwa. Kuna safari ndefu ya bahari ya Hindi. Robo karne ya maisha haikupewa nafasi yake.

> Mtu anayeanza kuishi siku aliyoonekana na bwana wake ni mtu aliyetazamwa kwa macho ya bwana huyo.

Mapadri na Wajapani wa wakati ule hawakumuuliza Yasuke alikotoka, au waliuliza wasiandike. Msanii wa mwaka 2021 hakufungwa na ukimya huo. Alikuwa huru kubuni, na alibuni mengi. Ndiyo maana pengo hili linauma.

Roboti kwenye uwanja wa vita

Lalamiko la kawaida kuhusu mfululizo huu ni toni. Katika dakika za mwanzo tu, mtazamaji anayesubiri historia anakuta roboti kubwa na wachawi katika vita vya karne ya 16. Kisha roboti wanawekwa kando, na tunapata hadithi tulivu ya mzee na mtoto ndani ya mashua. Muda si muda wanatokea mamluki: mwanamke Mrusi anayegeuka dubu, roboti mcheshi, na Achoja, mganga kutoka Benin. Padri mwovu anamtaka Saki kwa sababu ya nguvu zake za ajabu. Padri akishatoweka, adui mpya mkubwa zaidi anashika nafasi yake, naye ni mtawala wa giza aliyeiteka nchi.

Ndani ya muda usiofika saa tatu, hadithi inakuwa tanzia, kisha safari, kisha vichekesho, kisha vita vya miujiza. Anayetazama kwa mara ya kwanza anaweza kudhani amebadilishiwa faili dukani.

Hapa ndipo pande mbili zinapochukua nafasi zao.

Upande wa kwanza unasema historia ya Yasuke inatosha kusisimua bila chumvi. Mwafrika anafika Kyoto, mji unavunja milango kumtazama, mtawala anamfanya mtu wake wa karibu, hekalu linachomwa, adui anamwita mnyama na kumwacha hai. Mwandishi gani angehitaji roboti? Wanaosema hivi wanahofia kwamba mtoto akitazama mfululizo huu kwanza, atadhani Yasuke ni wa kubuniwa sawa na dubu na roboti waliomzunguka. Hofu hiyo ina msingi. Watu weusi wamechoka kusikia kwamba mashujaa wao ni hekaya.

Upande wa pili unajibu kwamba anime haijawahi kuwa kitabu cha historia. Nobunaga mwenyewe amechorwa mara nyingi katika kazi za Japani, kama shetani, kama mtu wa siku zijazo, hata kama mwanamke, na Wajapani hawajapoteza historia yao. Kwa nini Mwafrika tu ndiye alazimishwe kuwa somo la darasani? Kijana mweusi naye ana haki ya kumwona mtu anayefanana naye akipambana na roboti na wachawi, kama watoto wa mataifa mengine walivyoona mashujaa wao. Thomas mwenyewe ameeleza kwamba hakukusudia kutengeneza wasifu wa kihistoria. Alitaka hadithi ya kubuni iliyo huru.

Pande zote mbili zina hoja nzito. Hata hivyo, zote zinautazama uchawi na kulisahau pengo. Tatizo la toni na tatizo la utoto uliorukwa ni tatizo moja.

Studio ile ile, matokeo mengine

Ushahidi uko katika studio hiyo hiyo ya MAPPA. Desemba 2020, miezi michache kabla ya Yasuke kutoka, studio hiyo ilianza kuonyesha msimu wa mwisho wa Attack on Titan, kazi ya Hajime Isayama ambayo awali ilikuwa mikononi mwa Wit Studio tangu 2013. Wengi wanaoipenda anime hapa Kakamega wanaijua hadithi hiyo kwa moyo.

Attack on Titan inabadilika toni kuliko Yasuke. Inaanza kama hadithi ya kutisha kuhusu majitu yanayokula watu, inageuka kuwa fumbo, halafu siasa, mwishoni vita vya mataifa na chuki ya kurithi. Mbona mtazamaji hapotei?

Jibu ni Eren Yeager. Katika sehemu ya kwanza tunamwona nyumbani, akigombana na mamake, akiahidiwa na babake kwamba ataonyeshwa chumba cha chini ya nyumba. Mama analiwa mbele ya macho yake. Ufunguo wa chumba kile unaning'inia shingoni mwake miaka nenda miaka rudi. Mlango unapofunguliwa, katika vipindi vilivyoonyeshwa mwaka 2019, hadithi nzima inapinduka, lakini mapinduzi hayo yalipandwa tangu siku ya kwanza. Hata Eren anapogeuka mtu wa kuogofya, tunamkumbuka yule mtoto aliyelia juu ya kifusi.

> Toni ya hadithi inaweza kubadilika mara kumi, mradi mtazamaji anajua anayepitia mabadiliko hayo ni nani.

Yasuke hakupewa ufunguo wa aina hiyo. Anapokutana na Achoja, Mwafrika mwenzake, katika nchi ambako huenda hakuwa ameona uso kama wake kwa miongo miwili, moyo wa mtazamaji unaruka. Hapo palikuwa pa kuifungua Afrika iliyo ndani yake. Wazee wawili wa bara moja, mmoja wa magharibi na mwingine wa mashariki, wangeulizana: ulifikaje huku, unakumbuka nini, nani anakungoja nyumbani? Uchawi wa Achoja ungepata maana, na vicheko vya mamluki vingekuwa na uchungu chini yake. Badala yake hadithi inakimbilia pambano linalofuata.

Isukuti inajua kazi hii

Wenyeji wa Kakamega hawahitaji kufundishwa na Japani jinsi ya kubadilisha toni. Isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho, hupigwa mtoto anapozaliwa, watu wanapooana na mtu anapozikwa. Shirika la UNESCO liliiorodhesha mwaka 2014 miongoni mwa turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura.

Ngoma zenyewe ni tatu: kubwa, ya wastani na ndogo. Pembe ya swara na njuga huzisindikiza, wanaume na wanawake wakiwa katika safu zao. Mbele yupo mwimbaji kiongozi. Huyu ndiye anayeshika usukani. Matangani anaweza kuwatoa watu kwenye kilio hadi kwenye mchezo wa kutikisa mabega, kisha akawarudisha kwenye kilio, na hakuna anayeona vibaya wala anayepotea njia.

Inawezekanaje? Kwa sababu wimbo unamhusu mtu ambaye waombolezaji wanamjua. Wanajua alizaliwa boma gani, alioa wapi, fahali wake alishinda mapigano gani. Kicheko kinapokuja, kinacheka kwa ajili yake. Kilio kinaporudi, kinamlilia yeye yule. Toni inapanda na kushuka, mtu anabaki mmoja.

Waandishi wa Yasuke walikuwa na ngoma zote, na wapigaji hodari. Walichokosa ni ubeti wa kwanza, ule unaotaja ukoo wa marehemu.

Kilicho hatarini

Huenda mtu akauliza kwa nini gazeti lisumbuke na katuni ya miaka kadhaa iliyopita. Ni kwa sababu Yasuke hajaachwa apumzike, na wala hataachwa. Mwaka 2019 ilitangazwa kwamba Chadwick Boseman angemwigiza katika filamu; kifo cha mwigizaji huyo Agosti 2020 kikaukatiza mpango huo. Machi 2025 mchezo wa video wa Assassin's Creed Shadows ulimfanya mmoja wa wahusika wake wawili wakuu, na tangu ulipotangazwa mwaka 2024 malumbano yalizuka duniani kuhusu iwapo alikuwa samurai kamili au mtumishi tu.

Katika malumbano yote hayo, Wamarekani walisema, Wajapani wakasema, Wazungu wakasema. Sauti ya pwani aliyotoka haikusikika sana. Tukinyamaza, dunia itaendelea kumjadili kama mtu aliyeanguka kutoka mawinguni hadi barazani kwa Nobunaga.

Naye hakuwa peke yake. Malik Ambar, aliyezaliwa Ethiopia mwaka 1548 na kuuzwa utumwani, alipanda ngazi hadi akawa mwenye kauli katika usultani wa Ahmadnagar nchini India, akaongoza majeshi dhidi ya Wamughal. Waafrika wa mashariki walisambaa katika bahari nzima ya Hindi. Hadithi zao zimejaa vita, mapenzi, usaliti na safari. Msimuliaji hana haja ya kuzikopa kwingine.

Uwezo upo. Julai 2023 Disney+ ilitoa Kizazi Moto, mkusanyiko wa filamu fupi za uhuishaji kutoka Afrika. Mkenya Ng'endo Mukii aliongoza Enkai, na Mganda Raymond Malinga akaongoza Herderboy. Miaka miwili kabla, Super Sema, mfululizo uliohusisha Lupita Nyong'o, ulianza kuonyeshwa YouTube ukimfuata msichana wa Kiafrika mwenye kipaji cha uvumbuzi. Kazi hizi zimechanganya mila, sayansi na ndoto bila kumficha mhusika alikotoka.

Wito kwa wachoraji wetu

Mfululizo wa Yasuke unastahili kutazamwa. Mzazi na auangalie kwanza, kwa kuwa damu inamwagika sana na si wa watoto wadogo. Uchoraji wake ni wa kiwango cha juu, na huzuni ya mzee yule ni ya kweli. Lakini hukumu ya makala haya ni kwamba ulikosea pa kuanzia, na kosa hilo ndilo lililoufanya uyumbe ulipojaribu kubeba roboti, vichekesho na msiba kwa pamoja.

Kosa hilo linaweza kurekebishwa, na si lazima Netflix ndiyo ilirekebishe. Mtaala wa umilisi umetenga mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo katika sekondari ya juu. Walimu wa fasihi na wa sanaa wa Kakamega wanaweza kuwapa wanafunzi zoezi moja: andikeni na mchore sehemu ya kwanza ambayo haikutengenezwa. Mleteni mvulana wa pwani ya Msumbiji, mumpe mama, lugha, marafiki na bahari. Tuonyesheni merikebu ikitia nanga. Mwacheni apande, kisha tujue anaacha nini.

Serikali ya kaunti nayo, ambayo kila mara husema inataka vijana wajiajiri, iwape chumba chenye kompyuta, umeme wa uhakika na mtu wa kuwafundisha uhuishaji. Vijana wanaojaza flashi zao kwa hadithi za Japani wameshajifunza jinsi hadithi inavyojengwa. Wapeni kalamu, nao wamrudishie Yasuke miaka yake 25.